Mwili wa Kutazamwa na Mwili wa Kutumika

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Swali linalozuka mara nyingi baina ya vijana na wazee wao ni hili: kijana aliyeshika kazi ya kutunisha misuli, je, yamtosha kuwa na kifua kipana na mikono minene, au yampasa pia aweze kukimbia, kuogelea, kuruka na kushika mieleka? Wako wasemao kwamba mwili uliojengwa vizuri umekwisha kujieleza kwa umbo lake. Wako na wale wanaowacheka vijana hawa, wakasema wamefuga nyama isiyo na kazi. Kila upande una neno la haki, na kila upande umepita mpaka.

Kwanza, ndugu msomaji, kuujenga mwili si jambo la kuchukiwa. Mwenyezi Mungu alipotueleza habari za Talut katika Suratul Baqara alitaja kwamba alizidishiwa elimu na mwili. Mtume wetu (S.A.W.) naye ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi kwa Mungu kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Lakini tazama nguvu hizo zilijulikanaje. Katika Suratul Qasas, binti aliyemsifu Nabii Musa (A.S.) mbele ya baba yake alimsifu kwa nguvu na uaminifu, na alimsifu baada ya Musa kuwanyweshea wanyama wao pale kisimani. Nguvu zake zilionekana katika kazi, tena kazi ya kuwasaidia wasio na msaada.

Liko tukio jingine linalotufaa zaidi katika swali hili. Mwaka wa 7 wa Hijra Waislamu walipoingia Makka kwa Umra, Makureshi walisema kwamba watu hawa wanakuja hali wamedhoofishwa na homa ya Madina. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha Masahaba waende mwendo wa haraka katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu, na mabega yao ya kulia yakawa wazi. Basi kuonyesha nguvu kuna mahali pake, wala si kila aonyeshaye huwa mwenye majivuno. Ila walichoonyeshwa Makureshi hakikuwa ukubwa wa bega peke yake. Walionyeshwa wepesi wa mguu na urefu wa pumzi, baada ya safari ndefu ya jangwani.

Hata wale waliouanzisha mchezo huu hawakuyatenga mambo haya mawili. Eugen Sandow, aliyefanya mashindano makubwa ya miili mjini London tarehe 14 Septemba 1901, alikuwa amepata sifa kwanza kwa kunyanyua mizigo mizito mbele ya watu. Kule Marekani, katika mashindano ya Mr. America yaliyosimamiwa na chama cha AAU, washindani walipewa alama kwa uhodari wao wa michezo pia, wala si kwa umbo tu. John Grimek, aliyeshinda mwaka 1940 na 1941, alikuwa ameshiriki kunyanyua uzito katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Na Tommy Kono, ambaye utotoni aliteswa na pumu, alipata medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 1952 na 1956 kwa kunyanyua uzito, kisha akatwaa taji la Mr. Universe mara 3. Baadaye njia zikaachana. Mashindano ya Mr. Olympia, yaliyoanza mwaka 1965, hutazama umbo la mwili peke yake. Mmisri Mamdouh Elssbiay aliyashinda mwaka 2020 na 2021, na Hadi Choopan wa Iran mwaka 2022, na juhudi yao si ya kuchezewa.

Mtunisha misuli atatujibu: "Mkimbiaji hamumwulizi ananyanyua kilo ngapi, mbona mimi mwaniuliza mbio?" Hoja hii ni ya haki maadamu tunazungumza habari za mashindano. Kila mchezo una sheria zake. Lakini siku ya mashindano ni moja, na maisha ni marefu. Tena jambo la ajabu ni kwamba siku ile anaposhangiliwa kwa misuli yake, mshindani huyu mara nyingi ndipo anapokuwa dhaifu kabisa, kwa kuwa amejinyima chakula kwa majuma mengi na kuyakausha maji ya mwili ili ngozi ishikamane na nyama. Watu wanashangilia sura ya nguvu, na mwenyewe ana kizunguzungu.

Sisi twauliza jingine. Siku nyumba ya jirani inapowaka moto, siku mtoto anapochukuliwa na maji, siku mama mgonjwa anapohitaji kuteremshwa ngazi kwa mikono, siku jeneza linapobebwa hadi makaburini chini ya jua, mwili huu utafaa nini? Mwenye misuli asiyeweza kukimbia hatua mia, wala kuogelea, ameweka akiba asiyoweza kuitumia. Na mwili ni amana. Mwenyewe ataulizwa aliutumiaje.

Matabibu nao wamefika hapo hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kupandisha pumzi kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, na pamoja nayo mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Hawakuchagua moja wakaacha la pili.

Basi, wanangu, nyanyueni vyuma, lakini kimbieni pia, ogeleeni, nyosheni viungo. Jiepusheni na sindano za homoni za kukuza misuli, kwani hudhuru moyo, ini na uzazi, na Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Sitirini baina ya kitovu na magoti, na mazoezi yasiwapitishe wakati wa sala. Nanyi wazazi, msiwadhihaki vijana hawa. Wapeni nafasi na mfano. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashinda. Nyumba zetu nazo zisione haya ya mchezo wa halali, kwa wavulana na kwa wasichana, kila mmoja kwa adabu yake.

Na baada ya yote, tukumbuke mafundisho yake kwamba hodari wa kweli si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Zoezi hilo halina siku ya mapumziko.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili na nia njema ya kuitumia. Amin.