Piano Inayojipiga Yenyewe



Mwaka jana mama mmoja alituvuta kando baada ya ibada. Binti yake wa miaka tisa alikuwa ameanza kujifunza piano. Yeye na mumewe walikuwa na akiba ya kuezekea chumba cha watoto, lakini baba alikuwa ameona dukani piano inayojipiga yenyewe, na muuzaji akamwambia mtoto atajifunza upesi kwa kuitazama. "Dada, tuitoe akiba yetu?" akatuuliza.

Piano hiyo ni ya kweli, yenye vibonyezo 88, nyundo na nyuzi. Ndani yake zimo sumaku za umeme zinazovisukuma vibonyezo. Yamaha ya Japani ilianza kuuza za namna hiyo, ziitwazo Disklavier, katika miaka ya 1980. Steinway ikatoa yake, Spirio, mwaka 2015. Faida ipo: katika zile zinazorekodi, mtoto hupiga zoezi lake, kisha husimama kando na kujisikiliza.

Lakini sisi wauguzi twajua kwamba hakuna aliyejifunza kuchoma sindano kwa kutazama tu. Vibonyezo vikishuka vyenyewe, macho hufurahi, ila vidole hubaki vilevile.

Urahisi nao una hasara yake. Sisi tulimnunulia kijana wetu kinanda cha vibonyezo 61, vyepesi mno. Alipokalia piano halisi, vidole vilikosa nguvu, naye akakata tamaa. Tulibana fedha mahali pasipofaa.

Basi, kabla ya kufungua pochi, angalia haya:

Kwanza, gharama. Piano mpya inayojipiga yaweza kufikia bei ya gari. Kwa kuwa ina nyuzi, yahitaji fundi wa kurekebisha sauti walau mara moja au mbili kwa mwaka. Je, mjini kwenu yupo? Unyevu wa pwani nao huvimbisha mbao na kutia nyuzi kutu. Umeme ukikatika, haijipigi tena. Itabaki kupigwa kwa mkono.

Pili, piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vizito na pedali humtosha anayeanza. Haina nyuzi za kurekebishwa, na mtoto aweza kujizoeza kwa vipokea sauti vya masikioni bila kumwamsha mdogo wake.

Tatu, afya. Ukisimama karibu naye ukasikia sauti ikitoka kwenye vipokea sauti hivyo, ipunguze. Masikio yakiharibiwa na kelele hayaponi. Viwiko viwe usawa wa vibonyezo, na miguu isining'inie. Mwekee kibao cha kukanyagia.

Mama yule tulimshauri asibishane na mumewe mbele ya watoto wala dukani. Alingoja usiku, akamweleza kwa upole, na Jumamosi wakaenda wote pamoja na mwalimu wa binti yao. Walichagua piano ya umeme. Chumba kimeezekwa, na jioni baba huketi kando ya binti yake robo saa, akimhesabia mapigo kwa kugonga goti.

Mama mpendwa, hakuna mashine inayouzwa pamoja na robo saa hiyo. Itenge kwanza, ndipo uende dukani.