Maarifa ya bure yawekewe lebo ya gharama zake

Kila inapokaribia Novemba, wakulima wa Dodoma wakianza kutazama mawingu, simu zao hujaa mafunzo. Video fupi, ujumbe wa sauti na picha za mashamba ya alizeti huzunguka katika makundi ya WhatsApp kuanzia Kongwa hadi Bahi. Mengi hutengenezwa na wakulima wenyewe, na hutolewa bure.

Huo ni utajiri mkubwa. Mkulima aliyefanikiwa Chamwino humfundisha mwenzake wa Mpwapwa bila nauli wala posho ya semina.

Hata hivyo, mafunzo mengi ya aina hii yana upungufu mmoja. Hayasemi mwanzoni ni kitu gani cha kununua ambacho, kisipokuwepo, somo lote halifanyi kazi.

Mfano mzuri ni alizeti. Video inaonyesha vichwa vikubwa, nafasi za kupandia na idadi ya magunia. Mtazamaji anafuata nafasi hizo hizo, lakini anapanda mbegu aliyoitunza nyumbani. Kumbe shamba la kwenye video lilipandwa mbegu chotara, tena kwa mbolea. Mbegu ya Record mkulima anaweza kuitunza na kuirudia, lakini chotara ikirudiwa mimea hutoka mchanganyiko na mavuno hushuka. Inabidi inunuliwe kila msimu.

Mwenye video hakudanganya. Aliacha tu kutaja jambo ambalo kwake ni la kawaida.

Wapo watakaosema kila mtu anajua kilimo kina gharama. Ni kweli, lakini tatizo hapa si ukubwa wa gharama. Tatizo ni wakati wa kuijua.

Tuchukue tarakimu za kukokotolea tu. Mkulima ana ekari tatu na Sh 240,000 mfukoni. Kulima ekari moja kwa trekta ni Sh 50,000, na mbegu chotara, mbolea na dawa kwa ekari hiyo ni Sh 190,000. Akijua hayo mapema, atalima ekari moja na kuihudumia kikamilifu. Asipojua, atalima zote tatu kwa Sh 150,000, kisha atagundua dukani kuwa Sh 90,000 zilizobaki hazitoshi pembejeo za hata ekari moja. Fedha ya trekta hairudi.

Katika mikoa yenye misimu miwili ya mvua, kosa hilo linaweza kurekebishwa baada ya miezi michache. Dodoma ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayekosea Desemba husubiri mwaka mzima.

Wafanyabiashara wadogo nao wamo. Mwenye dula la nafaka Kibaigwa anaweza kutumiwa na mwenzake jedwali la Excel la kupiga hesabu za mauzo, bure kabisa. Lakini kama jedwali hilo limetengenezwa kwa makro, yaani amri za kujiendesha, halitafanya kazi zake kwenye Excel ya simu. Linahitaji programu kamili ya kompyuta, ambayo ni ya kulipia. Akilijua hilo baada ya kuingiza madeni ya wateja wote, amepoteza siku kadhaa za kazi.

Dawa yake ni lebo, na lebo si jambo geni kwa mkulima. Chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, mbegu inayouzwa hukaguliwa na TOSCI na hubeba lebo, na hata mbegu za kuazimiwa ubora zinazozalishwa na wakulima vijijini zina lebo yake. Mnunuzi husoma kabla ya kufungua mfuko.

Hata kwenye simu jambo hili limewahi kufanyika. Oktoba 2014 Facebook na kampuni ya Tigo walileta nchini huduma ya Internet.org, iliyomruhusu mteja kusoma kurasa kadhaa bila kulipia. Alipotaka kutoka kwenda ukurasa wa kulipia, alipewa onyo kwanza kuwa huenda akatozwa. Huduma hiyo ilikosolewa kwa mengi, lakini kwa hilo la kuonya kabla, ilikuwa na la kuigwa.

Lebo ya mafunzo ya wakulima haihitaji zaidi ya mistari mitatu. Wa kwanza: kinachotolewa bure ni nini. Wa pili: ni kipi lazima kinunuliwe, na asiyekuwa nacho atarajie nini. Wa tatu: bei yake ilikuwa kiasi gani, mwezi gani na mji gani, na kama mwenye somo mwenyewe ndiye muuzaji.

Mstari wa pili ndio wenye uzito zaidi. Kuna tofauti kubwa kati ya "lazima" na "inasaidia". Somo la kupanda mtama wa Macia kwa mistari linamfaa hata asiye na mbolea ya dukani. Somo la zabibu linalotegemea dawa ya ukungu halimfai asiyeweza kuinunua, na ni heshima kumwambia hivyo mapema.

Mahali pa lebo ni mwanzoni, kabla video haijafunguliwa. Ikiwekwa mwishoni, mtazamaji atakuwa amemaliza bando na pengine ameshaita trekta.

Kuna hofu kuwa masharti yatawakatisha tamaa wanaojitolea. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana jambo hili lisiachiwe kanuni za Serikali wala faini. Viongozi wa makundi, vyama vya ushirika na maofisa ugani wa kata wanaweza kuliweka kuwa utaratibu: somo lisilo na mistari mitatu linarudishwa kwa mwenyewe ayaongeze, halifutwi.

Anayetoa somo bure hadaiwi fedha na mtu. Anachoombwa ni dakika mbili za kuandika, ili mwenzake apige hesabu kabla ya kuingia shambani.