Kura Moja ya Chake Chake: Majibu kwa Madai Matano

Jioni moja kijiweni Maili Moja, Kibaha, kijana wa bodaboda aliniamkia, akaketi, akaagiza kahawa, kisha akasema neno lililoninyima usingizi: "Mzee wangu, mimi sipigi kura tena. Kura yangu moja itabadili nini?" Waliokuwepo wakamuunga mkono. Mtu mzima mmoja wa Kisarawe akaongeza kuwa uchaguzi umeivuruga Zanzibar tangu 1961, nasi wa Bara tumshukuru Mungu kwa kutunyima hulka ya fujo. Tangu hapo kila aliyeshika kikombe akawa na lake la kusema juu ya Zanzibar. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa sababu yalisemwa na watu wema, na yasipojibiwa watoto wetu watayarithi.

Dai la kwanza: "Kura moja haibadili kitu."

Januari 1961 Wazanzibari walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi Party (ASP) ya Abeid Amani Karume ilipata viti 10. Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambayo watu waliiita Hizbu, ikapata 9. Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) ya Mohamed Shamte ikapata 3. Kati ya viti vile 10 vya ASP, kimoja, cha Chake Chake kisiwani Pemba, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu.

Sasa tupige hesabu. Hakuna chama kilichoweza kutawala peke yake, na wale watatu wa ZPPP waligawanyika: wawili wakaenda Hizbu, mmoja ASP. Ikawa 11 kwa 11. Iliundwa serikali ya muda, likaongezwa jimbo la 23 ili sare isijirudie, na Juni wananchi wakarudi kwenye masanduku ya kura. Lakini kama wafuasi wawili wa Hizbu waliobaki nyumbani siku ile ya Januari, pengine mtoto ana homa, pengine karafuu ziko uani na wingu limetanda, wangekwenda kituoni Chake Chake, kiti kile kingehama. Hizbu na wenzao wangekuwa 12, ASP na mwenzao 10. Sare isingekuwepo, wala uchaguzi wa Juni usingeitishwa ili kuivunja. Kijana wangu, hiyo ndiyo kura moja.

Dai la pili: "Siku zote mwenye kura nyingi ndiye aliyetawala."

Sivyo. Juni 1961 ASP ilipata karibu nusu ya kura zote ikiwa peke yake, lakini viti vyake vilikuwa 10. Hizbu ilipata 10 na ZPPP 3, na kwa kuwa vyama hivyo viwili vilikuwa vimeungana, Shamte akawa Waziri Kiongozi. Julai 1963 ASP ilivuka asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Shamte akawa Waziri Mkuu.

Wengi husikia hivyo wakadhani ni wizi tu. Jambo hili laweza kutokea hata kura zikihesabiwa sawasawa, na pale kijiweni nililieleza kwa majimbo yetu wenyewe. Tuseme Kibaha Mjini, Kibaha Vijijini na Kisarawe kila moja lina wapiga kura 1,000, na vyama ni viwili. Chama cha kwanza kinapata kura 900 Kibaha Mjini, 450 Kibaha Vijijini, na 450 Kisarawe. Jumla 1,800. Chama cha pili kinapata 100, 550 na 550. Jumla 1,200. Mwenye kura 1,800 ana mbunge mmoja, mwenye 1,200 ana wabunge wawili. Ndivyo ilivyoiangukia ASP: kura zake zilirundikana Unguja, katika majimbo iliyoshinda kwa kishindo, huku wapinzani wake wakishinda kwa tofauti ndogo katika majimbo mengi, hasa ya Pemba. Sheria haikuvunjwa, lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura walirudi nyumbani wakihisi wameporwa.

Dai la tatu: "Ule ulikuwa ugomvi wa Mwarabu na Mwafrika, basi."

Ubaguzi ulikuwepo, tena mkali, na mwenye kuukana anawadhulumu waliokufa. Lakini neno "basi" ndilo la uongo. Hizbu ilichipuka mwaka 1955 kwa wakulima wa Kiembesamaki kabla wakubwa wa mjini hawajaishika. Katibu Mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa Abdulrahman Babu, mtu wa mrengo wa kushoto, aliyejitoa mwaka 1963 na kuanzisha Umma Party. Shamte alikuwa Mshirazi wa Pemba, yaani mwenyeji wa visiwani na si Mwarabu, na chama chake kilitokana na mfarakano ndani ya ASP yenyewe mwaka 1959. Mkulima wa Pemba mwenye mikarafuu yake michache hakuiona dunia kama mkulima wa Unguja aliyelima chini ya mikarafuu ya mwingine kwa ruhusa tu. Anayeieleza Zanzibar kwa rangi peke yake hawezi kukuambia kwa nini Mshirazi wa Pemba na Mshirazi wa Unguja walipiga kura tofauti.

Dai la nne: "Wazanzibari wana hulka ya fujo, sisi Bara ni watu wa amani."

Hili lilinikera kuliko yote. Siku ya uchaguzi wa Juni 1961 ugomvi ulianzia kwenye vituo vya mjini, ukaenea mashambani. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu wa mashambani, na mamia wakajeruhiwa. Sitalipunguza hilo. Ila halikuzuka kwa hulka ya mtu. Miaka ile wazee wa visiwani huiita zama za siasa: wenye mashamba waliwafukuza wakulima kwa sababu ya chama, watu wakasusiana maduka, na jirani akakosa kumzika jirani yake. Chuki ile ililelewa miaka minne kabla ya kumwaga damu.

Na amani yetu je? Agosti 1960 Tanganyika ilichagua Baraza lake la viti 71. Katika majimbo 58 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani hata mmoja. Chama kilichukua viti 70, na kile cha Mbulu kikaenda kwa mgombea binafsi. Mahali pasipo na mashindano, utulivu si ushahidi wa tabia njema. Wenzetu walipewa mtihani mgumu, sisi hatukuukalia. Tusijisifu kwa mtihani ambao hatukuufanya.

Dai la tano: "Mshindi achukue vyote. Kugawana serikali ni kumsaliti mpiga kura."

Dai hili lilijaribiwa. Serikali ya Shamte ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 huku chama chenye kura nyingi kuliko vyote kikiwa nje ya mlango. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliiondoa. Muungano ukafuata Aprili 26 mwaka huohuo, na ndiyo sababu habari hizi ni zetu pia, watu wa Kibaha na Kisarawe.

Vyama vingi viliporudi, hesabu ile ikarudi navyo. Mwaka 1995 chama tawala, CCM, kilipata majimbo 26 ya Baraza la Wawakilishi na wapinzani wake, CUF, 24, na urais wa Zanzibar ukaamuliwa kwa kura 1,565. Mshindi akachukua vyote. CUF wakasusia Baraza, na Januari 2001, baada ya uchaguzi mwingine uliobishaniwa, waandamanaji walipigwa risasi na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Kisha Wazanzibari wakafanya jambo la busara. Julai 31, 2010, asilimia 66 walikubali katika kura ya maoni kuwe na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi mitatu baadaye Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama ile ya 1995, lakini safari hii aliyeshindwa alikubali matokeo na akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mpango ule uliyumba vibaya uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na hilo linathibitisha ninachosema: waliyumba pale nusu moja ya nchi ilipoachwa nje tena.

Kwa kijana wa Maili Moja, nenda kapige kura, kwa sababu kuna mtu Chake Chake ambaye yake moja iliamua. Kwa mwenzetu wa Kisarawe, tusiwacheke jirani zetu, tujifunze kwao. Na kwa yeyote atakayeshinda kwa kura chache, hapa Pwani au visiwani: hao waliokunyima kura zao ni nusu ya mji wako. Utasali nao, watakuzika, na hutawatawala kwa amani ukiwafungia mlango.