Mwenye Upinde Jangili, Mwenye Bunduki Mwindaji

Huko Marekani wawindaji wanagombana. Wenye pinde za kawaida wanadai kuwa upinde wa mtambo, ule wenye kitako na kufyatuliwa kama bunduki, si upinde, na mwenye nao asiingie porini katika msimu wa mishale. Uingereza ilikata shauri zamani: sheria yake ya 1981 inakataza kuua mnyama wa porini kwa upinde wa namna yoyote. Bunduki ikaachwa.

Hayo niliyafikiria nilipokuwa Kitale na Bungoma, kwani ugomvi wa upinde na bunduki umepita huku pia, ila haukuamuliwa kwa kuangalia ni silaha ipi yenye huruma.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50. Walipanda bara hata nyanda za Uasin Gishu na mto Nzoia. Kwa hesabu yake mwenyewe, safari nzima wao wawili waliua wanyama 512. Huyo akaitwa mwindaji. Mwogiek wa Mlima Elgon, asiyekuwa na pauni 50 wala aliyemjua mtoa leseni, akimpiga pongo mmoja kwa mshale apate kitoweo, huyo jangili.

Sisi wa pwani tusijitie ugeni. Waata, ambao wengi wetu twawaita Waliangulu, waliangusha ndovu kwa pinde nzito na mishale ya sumu, mpaka David Sheldrick na Bill Woodley walipowasaka Tsavo mwaka 1956 na 1957, wakafungwa wengi. Na pembe zile zilikuwa zikienda wapi? Zilishuka kwa wachuuzi hata Mombasa. Aliyefungwa zaidi ni mwenye podo.

Kwa Mwislamu silaha ina hukumu yake vilevile. Mshale mkali uliotupwa kwa Bismillahi, ukatoboa, nyama yake ni halali. Kilichokufa kwa kugongwa tu ni mzoga. Ndiyo maana risasi ilipokuja maulamaa walikhitalifiana: wengine wakasema yaua kwa kishindo, wengine wakasema yapenya. Mshale wa sumu nao una shaka yake, ila mnyama adirikiwe yu hai achinjwe. Nayataja haya kwa sababu hapa angalau linaloulizwa ni namna mnyama alivyokufa, si mfuko wa aliyemwua.

Mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, isipokuwa wa ndege kwa leseni. Nalisifu jambo hilo, lakini halikuzima bunduki. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973. Kufika 1989 walibaki kama 16,000. Hata wale wa Elgon, waingiao usiku katika pango la Kitum kukwangua chumvi kwa pembe zao, waliuawa sana miaka ile. Hiyo haikuwa kazi ya mishale.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda kwa mchezo na kuwinda kwa chakula pamoja. Kwenye karatasi ni sawa kwa sawa. Lakini tajiri amepoteza mchezo, Mwogiek amepoteza kitoweo, na nchi yake ya Chepkitale ikafanywa hifadhi mwaka 2000. Ndugu zao wa Mau walishtaki, na Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa Kenya imewadhulumu, na kuwa si wao walioumaliza msitu. Uamuzi huo wataja Mau. Wa Elgon wanausoma kutoka mbali.