Parachichi Likishakatwa, Ubora Hauongezeki

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndugu wakulima wa Njombe, Rungwe, Mufindi, Siha na Murang'a, pamoja nanyi wanunuzi, wachumaji na wenye malori, methali hiyo inatuhusu sote leo kuliko wakati mwingine wowote. Masoko yamefunguka. Kenya, ambayo China ilikuwa imeiruhusu kupeleka parachichi lililogandishwa tu, ilipata ruhusa ya kupeleka lisilogandishwa mwaka 2022, na Tanzania ikatia saini makubaliano yake mwezi Novemba mwaka huohuo. Ulaya inanunua, nchi za Ghuba zinanunua, India nayo imefungua mlango. Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kukaribishwa mara ya pili ni jambo jingine. Anayekaribishwa tena ni yule ambaye mzigo wake wa kwanza haukumtia hasara aliyeupokea.

Nimesikia maneno mengi kuhusu matunda yanayoharibika kabla ya kufika sokoni. Wapo wanaolaumu barabara, wapo wanaolaumu bandari, na wengi wanalia na uhaba wa vyumba vya baridi. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, nami nitayarudia mbele. Hata hivyo nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya hasara tunayoiona mwisho wa safari huzaliwa mwanzo wake, shambani, siku ya kuchuma. Tunda likishakatwa kwenye tawi halipati tena chakula kutoka kwa mti. Kuanzia hapo linaishi kwa akiba liliyo nayo. Kreti, lori, chumba cha baridi na meli ni vya kuilinda akiba hiyo isiishe upesi. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuiongeza.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote, nalo ni kuchuma machanga. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, nyama yake ikajaa mafuta, na likishachumwa ndipo huanza kulainika. Likikatwa kabla ya kukomaa, halilainiki inavyopasa: ganda husinyaa, nyama hubaki ngumu, na ladha huwa ya majimaji. Nalo jicho pekee halitoshi kuamua. Parachichi la Hass laweza kuwa la kijani na limekomaa, na jirani yake wa kijani vilevile akawa bado. Mti mmoja hutoa maua kwa wiki nyingi, kwa hiyo matunda yake hayalingani umri. Anayeukamua mti mzima kwa siku moja huchanganya wakubwa na wadogo katika gunia moja, kisha anashangaa mnunuzi akimkatia bei.

Kipimo kipo, na si cha kutisha. Chukua matunda machache kutoka miti tofauti. Yamenye, toa kokwa, kwaruza nyama yake, kisha pima gramu 100. Ziweke katika oveni ya moto mdogo, au katika maikrowevu kwa vipindi vifupi zisiungue, mpaka uzito ukome kupungua. Pima tena. Zikibaki gramu 24, basi asilimia 24 ya nyama ile ni kitu kikavu na iliyosalia ilikuwa maji. Kanuni za soko la Ulaya zinataka Hass lisipungue asilimia 21, na wanunuzi wengi hupenda zaidi ya hapo. Mizani ndogo ya jikoni na tanuri moja vinatosha kikundi kizima cha wakulima. Kikundi kinachoweza kuchanga fedha za msiba na za harusi hakiwezi kushindwa na mizani.

Nchini Kenya, mamlaka ya mazao ya bustani imekuwa ikisimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli mwishoni mwa mwaka, msimu mkuu ukiisha, ili machanga yasivuke bahari. Wapo wanaoona amri hiyo kuwa ni uonevu. Mimi naiona kuwa ni ulinzi wa jina la wote. Mama anayenunua tunda Rotterdam hajui kama limetoka kwa mkulima makini au kwa mlafi. Anachoona ni kibandiko chenye jina la nchi, na akidanganywa mara moja, huchukia nchi nzima.

Tuna ushahidi wa karibu wa jinsi jina linavyopotea na gharama ya kulirudisha. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Nzi huyu hutaga mayai chini ya ganda, na funza hukulia ndani ya tunda ambalo nje linapendeza. Maembe yenye funza yakawa yanakamatwa Ulaya, hata mwaka 2014 Kenya yenyewe ikaamua kusimamisha kupeleka maembe huko kabla haijafungiwa. Mlango haukufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Kwa miaka 7, wakulima wa Makueni na kwingineko waliangalia soko hilo kwa mbali. Na dawa ya kwanza ya nzi huyo ni usafi: kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia kwa kina, au kulifunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani mpaka funza wafe. Tunda linaloachwa kuozea chini ya mti hulisha funza, funza huingia ardhini, na baada ya siku chache nzi wapya hutoka kumtafuta jirani. Uvivu wa shamba moja hulipiwa na kijiji kizima.

Sasa natazama uchumaji wenyewe. Mchumaji hodari hana haja ya kuvuta wala kutikisa tawi. Anashika mkasi, anakata, na anaacha kikonyo kifupi cha milimita chache. Akikinyofoa chote, anaacha kidonda ambacho kuvu huingilia, na uozo huanzia pale penye shina la tunda. Akikiacha kirefu, kinatoboa matunda mengine ndani ya kreti. Kwa mti mrefu hutumia kingoe chenye kisu na mfuko mdomoni, tunda lisiguse ardhi. Parachichi lililoanguka kutoka juu laweza kuonekana zima siku hiyo. Wiki 3 baadaye mlaji analipasua na kukuta doa jeusi. Mchumaji hodari pia hachumi matunda yakiwa yamelowa mvua au umande, kwa kuwa ganda lililolowa huchubuka upesi. Na kucha zake ni fupi.

Mchumia juani hulia kivulini, lakini tunda lenyewe halitaki jua hata kidogo likishachumwa. Lipelekwe kivulini papo hapo, na lipakiwe asubuhi mapema au jioni. Kila saa linalokaa kwenye joto hupunguza maisha yake ya dukani. Magunia yaachwe, na lumbesa iachwe kabisa. Gunia lililojazwa hadi kuota kichwa na kushonewa juu linamnufaisha anayenunua kwa kukadiria, lakini matunda ya chini hubeba uzito wote wa wenzao katika kila shimo la barabara. Kreti ya plastiki isijazwe kupita ukingo wake, maana kreti ya juu ikikaa juu yake itakuwa imekalia matunda.

Hapo najua nitajibiwa. Ngojangoja huumiza matumbo, mtasema. Ada ya shule haisubiri kipimo. Dalali anafika na fedha taslimu mfukoni, ananunua mti mzima, na asiyemuuzia leo huenda kesho akakuta wezi wameshachuma. Hoja hii ni nzito, na anayeidharau hajawahi kudaiwa. Lakini tuichunguze vizuri. Madhali mkulima analipwa bei ileile kwa tunda changa na kwa lililokomaa, kwa lililochubuka na kwa zima, kumwambia achume kwa uangalifu ni kumwambia afanye kazi ya bure. Mawaidha peke yake hayatamtosha, na bei lazima isaidie. Tunda lipimwe kwa kilo mbele ya macho ya mwenye shamba, lipangwe kwa madaraja, na tofauti ya bei kati ya daraja la kwanza na la pili iwe kubwa kiasi cha kuuma. Hapo mkasi utanunuliwa bila ya mkutano wa hadhara.

Kuhusu ada, hilo ndilo jukumu la vyama vya ushirika na SACCOS. Mkopo mdogo wa miezi miwili dhidi ya mavuno yaliyo mtini humsaidia mkulima kuliko kuuza machanga kwa bei ya kutupa. Na kuhusu wezi, mwizi wa parachichi huiba kwa sababu yupo anayenunua. Kijiji kikitangaza siku ya kufungua uchumaji baada ya kipimo, na mizigo yote ya kabla ya siku hiyo ikawa haramu kununuliwa, mwizi atabeba gunia usiku na asubuhi hatapata pa kulipeleka.

Wanunuzi na wasafirishaji, zamu yenu imefika. Kontena la baridi limetengenezwa kulinda ubaridi uliokwishapatikana. Si mashine ya kupoza haraka matunda yenye joto la shambani. Mkipakia matunda ya moto, yatasafiri siku nyingi kabla katikati ya mzigo hapajapoa. Yapozeni kwanza, kisha mpakie. Hass huhifadhiwa kwa kawaida kati ya nyuzi 5 na 7 za Selsiasi. Likizidi kupozwa nyama yake hugeuka rangi ya kijivu. Na kumbukeni kwamba samaki mmoja akioza wameoza wote. Parachichi moja lililoanza kuiva hutoa hewa ya ethilini inayoyaamsha yaliyo jirani, na safari ya baharini kwenda Ulaya ni ya wiki kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 2023, kwa sababu ya mashambulizi katika Bahari ya Shamu, meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka kwa takriban wiki 2. Tunda lililovumilia njia fupi likiwa na kasoro ndogo halitavumilia njia hiyo ndefu.

Aidha, msifiche habari. Mzigo ukifika ng'ambo, mpokeaji hutoa taarifa ya hali yake: mangapi yameoza, mangapi yalikuwa machanga, mangapi yamechubuka. Mara nyingi taarifa hiyo huishia ofisini mjini. Ipelekeni kijijini, isomwe mbele ya wachumaji. Mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo hajaambiwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mkulima ni sehemu ya ubora wa tunda lake. Aandike dawa aliyopulizia, kiasi chake, tarehe, na siku zilizobaki kabla ya kuchuma. Sumu iliyo halali nchi moja yaweza kuwa imepigwa marufuku nyingine. Kloripirifosi, kwa mfano, iliondolewa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Boksi likikutwa na mabaki ya sumu, nambari yake hufuatwa nyuma mpaka kwenye kituo cha kufungashia. Kama hapo hakuna kumbukumbu, wanaadhibiwa wote waliopeleka tunda siku ile, pamoja na wasiopulizia kitu.

Serikali nayo ina deni. Mwaka 2014, huko Malabo, viongozi wa Afrika waliahidi kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya mavuno ifikapo mwaka 2025. Tarehe hiyo imeshafika. Wakaguzi wa afya ya mimea wawe karibu na mashamba, wasingojwe mpakani huku lori likichomwa na jua. Vyumba vya baridi vijengwe yaliko mazao, penye umeme wa uhakika. Kwa miaka mingi parachichi la Nyanda za Juu Kusini limekuwa likisafirishwa kwa barabara hadi Mombasa ndipo lipakiwe melini. Kila nafuu inayopatikana katika bandari za Tanga na Dar es Salaam inafupisha mateso hayo.

Yapo matunda ambayo hata kwa juhudi zote hayatafaa kusafirishwa: madogo mno, yenye makovu, yenye umbo baya. Hayo yakamuliwe mafuta, kwani mafuta hayajali sura. Kati ya hayo, yaliyo mazuri kwa kula yauzwe hapahapa nyumbani kwa bei ya haki. Lakini tusijenge mazoea ya kuwatupia watu wetu machanga na yaliyooza kwa kuwa Mzungu ameyakataa. Mlaji wa Makambako, wa Kariakoo na wa Gikomba ana kinywa na ana haki, naye hutununulia mwaka mzima bila ya kuvuka bahari.

Basi, ndugu zangu, kabla msimu ujao haujaanza, kila kikundi kikutane na kiamue mambo matatu. Kinunue mizani, mikasi na kreti. Kichague watu wawili waaminifu wa kupima ukomavu, na matokeo yabandikwe ubaoni kila mtu ayasome. Kiweke siku ya kuanza kuchuma, na anayeivunja alipe faini iliyoandikwa. Hayo hayahitaji mfadhili wala waziri wa kuja kukata utepe. Na mnunuzi atakayefika na magunia kabla ya kipimo kutoka, apewe kiti, anyweshwe chai, kisha aondoke na magunia yake matupu.