Mbio na Nguvu: Mizani ya Juma Moja



Ni jambo la kushukuriwa kwamba baada ya Swala ya Alfajiri wanawake wengi wa Pwani sasa huonekana wakitembea au wakikimbia, hijabu vichwani na raba miguuni. Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika mkusanyiko wa Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, Mtume akamshinda.

Swali letu la juma hili ni hili: je, mbio pekee zatosha? Jibu ni kwamba hazitoshi. Kukimbia na kutembea kwa kasi huimarisha moyo na mapafu, lakini misuli ya mapaja, mgongo na mikono huhitaji mzigo ili ibaki na nguvu. Kuanzia umri wa miaka 30 na kitu, misuli huanza kupungua kidogo kidogo. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza uimara wake kwa haraka zaidi. Msuli unapovuta mzigo, huuvuta na mfupa pia, na mfupa huitikia kwa kujiimarisha. Tena misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyomo katika damu, jambo lenye uzito katika familia zetu ambamo kisukari kimekuwa mgeni asiyeondoka.

Upungufu wa nguvu hauji siku moja. Mama huanza kwa kushika ukuta anapoinuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kisha hupanda ngazi kwa kujivuta kwa mkono. Mwishowe huwekewa kiti cha kuswalia, kwa kuwa magoti na mapaja hayawezi tena kumwinua kutoka katika sijda. Dini imempa ruhusa hiyo kwa rehema, na mwenye udhuru hana lawama. Lakini ikiwa udhuru waweza kucheleweshwa kwa mazoezi machache kila juma, kwa nini tuukaribishe mapema?

Huenda msomaji akasema kwamba kazi za nyumbani zatosha. Ni kweli kwamba kufua, kupiga deki na kuteka maji ni harakati zenye faida. Hata hivyo, kazi hizo huuzoesha mwili mzigo ule ule miaka nenda miaka rudi, ilhali msuli huongezeka nguvu unapoongezewa mzigo hatua kwa hatua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza kwamba mtu mzima apate kwa juma angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au dakika 75 za mazoezi makali, kama kukimbia. Juu ya hayo, afanye mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Kwa hesabu nyepesi, hizo ni siku 3 za kutembea dakika 50, au siku 3 za kukimbia dakika 25.

Juma letu la Kiswahili huanza Jumamosi, nasi tuanzie hapo. Jumamosi iwe siku ya mbio, na Jumapili siku ya nguvu. Jumatatu mwili upumzike, na mwenye kufunga sunna afunge bila taabu. Jumanne turudi kwenye mbio, na Jumatano kwenye nguvu. Alhamisi tupumzike tena. Ijumaa asubuhi iwe ya matembezi marefu au mbio za polepole. Kwa mpango huu, kila siku ya nguvu hufuatwa na siku ya mapumziko, na misuli hupata nafasi ya kujijenga upya; kwani hujengeka wakati wa kupumzika, si wakati wa kunyanyua. Ikilazimu kuyafanya yote mawili siku moja, anayetafuta nguvu aanze na mazoezi ya nguvu, kwa sababu miguu iliyochoka huchuchumaa vibaya na kuumiza magoti.

Siku ya nguvu haihitaji ukumbi wala mashine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mtungi wa lita 5 ni chuma tosha kwa kuanzia. Keti kitini na uinuke bila kushika kitu, mara 10. Simama mbele ya ukuta, uusukume kwa mikono miwili ukikunja viwiko, mara 10. Inama kidogo huku mgongo umenyooka, uvute mtungi hadi ubavuni, mara 10 kila mkono. Lala chali, kunja magoti, uinue kiuno, mara 10. Malizia kwa kutembea uani na mtungi kila mkono kwa dakika moja. Pumzika, kisha rudia yote. Toa pumzi unaponyanyua, wala usiibane. Mara 12 zikiwa nyepesi, ongeza maji.

Siku ya mbio, anayeanza akimbie dakika moja na kutembea mbili, akiongeza kidogo kila juma. Siku ya mbio za polepole, kipimo ni mazungumzo: ukiweza kusema na mwenzio bila kukatika pumzi, mwendo ni mzuri. Mchanga mgumu ulioachwa na maji kupwa ni laini kwa viungo kuliko lami. Lakini ufuo huinamia baharini, kwa hiyo nenda na urudi njia ile ile ili mguu mmoja usielemewe. Toka mapema kabla ya joto, nanyi muwe wawili au zaidi.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni na mwenye shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya kuanza. Atumiaye dawa za kisukari naye amwone, na achukue tende kadhaa mfukoni, kwani mazoezi huweza kuishusha sukari ghafla.

Neno la mwisho ni kwa waume na wana wetu. Nusu saa ya mama baada ya Alfajiri huhitaji mtu wa kumwangalia mtoto na kuinjika chai. Atakayejitolea kwa hilo leo atakuwa amemsaidia mama yake au mke wake kusimama kwa miguu yake mwenyewe kesho. Na mabinti wasiachwe nyuma, kwani mfupa unaoimarishwa ujanani ndiyo akiba ya uzeeni.

Mola atujaalie afya ya kumwabudu kwayo, tukisimama, tukirukuu na tukisujudu, hadi mwisho wa umri wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.