CX-5 ya dizeli: mpime oili, mnuse na hewa ya ndani

Mazda CX-5 ya dizeli iliyotumika Japan inavutia familia nyingi: ina nafasi, inakula mafuta kidogo, na watoto watatu wanakaa siti ya nyuma bila kugombana (sana). Ila mzazi anayeitaka kwa ajili ya shule na kurudi ajue kwamba gari hili halipendi safari fupi.

Kwenye njia ya ekzosi kuna chujio linalonasa masizi. Likianza kujaa, injini hupuliza dizeli ya ziada ili joto lipande, masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo wa barabara kuu. Kwenye foleni ya Sinza hadi Mikocheni gari huzimwa kabla haijakamilika, na sehemu ya dizeli hushukia kwenye oili. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika hapo imechanganyika na dizeli. Ibadilishwe, gari lisiendeshwe hivyo hivyo.

Chujio likiziba kabisa taa huwaka na gari hukosa nguvu. Baadhi ya mafundi hushauri litobolewe. Nguvu hurudi kweli, lakini masizi yote hutoka nje, pale pale getini watoto wanaposubiri kupanda. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Chembe zake hufika ndani kabisa ya mapafu, na mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima. Mwenye pumu ndiye anayeumia kwanza. Huo si ubanaji wa matumizi, ni kuhamisha gharama kutoka gereji kwenda hospitali.

Kabla ya kulipa, kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya bomba la ekzosi likiwa limepoa. Chujio zima huacha bomba karibu safi. Kitambaa kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au halipo. Kisha gari liungurume likiwa limesimama, feni ikivuta hewa ya nje. Harufu ya moshi ndani mara nyingi huanzia kwenye washa za injekta zinazovuja, na boneti ikifunguliwa huonekana utando mweusi kama lami kuzunguka injekta.

Mashine ya kupimia ije mwisho, na fundi aulizwe kiasi cha masizi kwenye chujio. Kutokuwepo kwa kodi za hitilafu hakutoshi, kwani muuzaji anaweza kuzifuta asubuhi ile ile.